Barua ya wazi kwa mawaziri wenye dhamana ya mifugo kuhusu utafiti wa pamoja wa ndigana kali

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mifugo katika nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini zenye ugonjwa wa ndigana kali;
Kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha;
Kwa Ofisi ya Umoja wa Afrika ya Rasilimali za Mifugo, Nairobi.

YAH: KUGHARAMIA NA KUONGOZA SISI WENYEWE UTAFITI WA NDIGANA KALI

Waheshimiwa,

Ninaandika nikiwa mtaalamu wa mifugo niliyefanya kazi katika kata za wafugaji kaskazini mwa Tanzania kwa zaidi ya miaka 20. Ninawaandikia nyote kwa pamoja, badala ya kumwandikia waziri wangu peke yake, kwa sababu ninaloliomba haliwezi kufanywa na wizara moja. Ninaomba nchi zenye ndigana kali ziwe na mpango mmoja wa utafiti wa ugonjwa huo na mfuko mmoja wa kuugharamia, ambao zitauchangia kutoka katika bajeti zao, ili ziamue zenyewe ni swali gani litafutiwe jibu kwanza. Siombi tuwafukuze washirika wetu wa Ulaya na Marekani, kwani bila wao tusingefika hapa tulipo. Ninaomba tukae nao mezani tukiwa na fedha yetu na hoja yetu.

Mfugaji hana haja ya kuelezwa ndigana kali ni nini, lakini barua hii huenda ikasomwa na watu wa hazina na wa mipango, nao ndio wanaokata bajeti. Ugonjwa huu, ambao Wamaasai huuita oltikana, huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa katika mate ya kupe wa masikio ya kahawia. Kupe akishang'ata, kimelea huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizoumbwa kuulinda mwili, na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo kama zinavyofanya chembe za saratani, nacho kikigawanyika pamoja nazo. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba, joto hupanda, ndama huacha kunyonya, na mwishoni mapafu hujaa maji hata mnyama akafa akihema huku povu likimtoka puani. Tangu dalili za kwanza hadi kifo hupita majuma mawili au matatu. Dawa ya buparvakwoni hutibu, lakini sharti itolewe mapema, na mapema ndicho kitu ambacho mfugaji aliye mwendo wa siku nzima kutoka kwenye duka la dawa hana. Makadirio ambayo watafiti wamekuwa wakiyatumia kwa miaka mingi ni kwamba ng'ombe wapatao milioni 1 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu katika ukanda wetu, na hasara yake huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola za Marekani.

Kuogesha mifugo kumetusaidia, na majosho yanastahili kuendelea kukarabatiwa. Hata hivyo josho halimalizi tatizo. Dawa lazima irudiwe karibu kila juma katika msimu wa kupe, mfugaji akikosa fedha miezi miwili hujikuta na ng'ombe wasio na kinga yoyote, na kupe wenyewe wamejifunza. Uganda imekwisha kuthibitisha kupe wasiouawa tena na dawa za aina kadhaa zilizokuwa zikitegemewa, na kupe hao hawataishia Uganda.

Tunayo chanjo, na historia yake ndiyo hoja yangu kubwa. Chanjo hii ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, katika miaka ya 1970. Watafiti wale waligundua kwamba ng'ombe akichomwa vimelea hai vilivyotolewa kwenye kupe, na papo hapo akachomwa oksitetrasaikilini, dawa ya kuua vijidudu inayodumu mwilini, ataugua kidogo tu au hataugua kabisa, kisha atakuwa na kinga ya miaka mingi, pengine ya maisha yake yote. Walichanganya aina tatu za vimelea, zilizoitwa Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, hii ya mwisho asili yake ikiwa ni nyati wa upande wa Tanzania. Angalieni jambo hili, Waheshimiwa. Chanjo hii tangu siku ya kwanza ilikuwa na damu ya nchi mbili ndani yake, ikafanyiwa kazi na wataalamu wa nchi tatu, na leo hii inatengenezwa katika nchi ya nne, katika kituo cha utafiti wa kupe na magonjwa yaenezwayo na kupe kilichopo Lilongwe, Malawi.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Taasisi ya Muguga ikabaki kuwa ya nchi moja, na chanjo iliyokuwa imekwisha kuonyesha kwamba inafanya kazi haikumfikia mfugaji wa kawaida kwa karibu miaka 20. Haikukwama kwa sababu sayansi ilishindwa. Ilikwama kwa kukosa mwenyewe. Kila nchi iliiona kuwa ya jirani, na wafadhili walielekeza macho kwenye chanjo za kisasa zaidi ambazo ziliahidiwa kufika upesi na hazijafika hadi sasa. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, ni Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi iliyotengeneza toleo kubwa la chanjo hiyo kwa ombi la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na dozi zilipokaribia kwisha ikalazimika kutengeneza toleo jingine mwaka 2008. Taasisi ya utafiti ilikuwa ikifanya kazi ya kiwanda kwa sababu hakuna serikali iliyojitokeza kuifanya.

Wafugaji wa huku kwetu walikuwa wa kwanza kuipokea kwa wingi. Nimeona maboma ambayo zamani yalikuwa yakizika ndama wengi kila msimu wa mvua yakianza kuhesabu ndama wanaobaki hai. Nimeona mnadani mnunuzi akimpapasa mtamba sikio kutafuta hereni ya chanjo kabla ya kutaja bei, na akiikuta, akiongeza bei bila kubembelezwa. Mfugaji analipia chanjo hii kwa fedha yake mwenyewe, tena si fedha ndogo. Naomba hilo likumbukwe kila mtu anaposema kwamba wafugaji hawataki kuchangia maendeleo ya mifugo yao.

Lakini chanjo yenyewe ni ngumu kutengeneza kuliko wengi wanavyodhani. Toleo moja la takriban dozi milioni 1 huchukua mwaka mmoja na nusu, na huhitaji ng'ombe zaidi ya 100, mamia ya sungura na kupe laki kadhaa, ambao hulishwa juu ya ng'ombe walioambukizwa, kisha hukusanywa na kusagwa ili vimelea vipatikane. Baada ya hapo lazima ihifadhiwe katika mitungi ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, kutoka Lilongwe hadi porini. Mtungi ukikauka njiani, kila kilichomo kimekufa, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuona tofauti. Chanjo inayohitajika katika nchi zaidi ya 10 inategemea mahali pamoja pa kuitengenezea. Siku moto, mgogoro wa fedha au uchafuzi wa vimelea utakapokipata kituo hicho, hakuna mwingine wa kumkimbilia.

Kuna siku moja ambayo sijaisahau. Mchanjaji alifika kijijini na mirija ya chanjo ambayo kila mmoja, ukishayeyushwa, ulitosha ndama 40. Tulikuwa tumetangaza wiki mbili kabla, lakini mvua ilinyesha usiku ule na familia nyingi zikahamisha mifugo kufuata majani. Walioletwa walikuwa ndama 17. Chanjo ikishayeyushwa hudumu saa chache tu, kwa hiyo mama mmoja mjane aliyekuwa na ndama wawili aliambiwa asubiri wengine wafike ili mrija ufunguliwe, na akasubiri tangu asubuhi hadi jua likaelekea kuchwa. Hatimaye tuliufungua kwa hasara, na dozi zaidi ya nusu tukazimwaga. Siwalaumu waliotengeneza mirija ile, kwani walifanya kwa uwezo wa wakati wao. Ninasema tu kwamba mrija wa ndama 40 haukuwa swali gumu la sayansi. Lilikuwa swali dogo, lililojulikana na kila mchanjaji, ambalo kwa miaka mingi halikupata wa kuligharamia kwa sababu halimpi mtafiti wa mbali makala ya kuchapisha. Kazi ya kupunguza dozi ndani ya mrija ilipokuja kufanywa, wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa ndio waliokuwa wamesubiri zaidi. Tukiwa na mfuko wetu, maswali ya namna hii ndiyo yatakayoulizwa kwanza.

Yapo na maswali makubwa. La kwanza ni nyati. Nyati hubeba kimelea hiki bila kuugua, na vimelea vya nyati ni vya aina nyingi kupita vile vinavyozunguka kati ya ng'ombe. Jaribio lililofanyika katika hifadhi ya wanyamapori ya Ol Pejeta, nchini Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba ng'ombe waliochanjwa kwa mchanganyiko wa Muguga, yaani chanjo yetu hii ya aina tatu za vimelea, kisha wakalishwa mahali penye nyati wengi hawakulindwa kama ilivyotarajiwa, na wengi walikufa. Huku kwetu, wafugaji wanaochunga pamoja na nyati wamechanja kwa miaka mingi na wanaona ndama wakipona. Haya yote mawili hayawezi kuelezwa kwa sentensi moja, na mtu yeyote anayejidai kuyaeleza bila kuyapima anatupoteza. Je, ni tofauti ya vimelea, ya wingi wa kupe, ya aina ya ng'ombe, au ni kwamba ndama wetu huanza kung'atwa na kupe wangali wadogo? Jibu liko katika ulinganisho wa pande mbili za mpaka, kwa vipimo vya aina moja, katika msimu mmoja. Mtafiti wa Kenya hawezi kulipata peke yake, wala wa Tanzania, na maabara iliyopo Edinburgh au Washington haiwezi kulipata bila ya wote wawili.

La pili ni hofu ambayo imezifanya baadhi ya nchi kusitasita, nayo si hofu ya kipuuzi. Kwa kuwa chanjo ni vimelea hai, ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki akibeba aina ya Kiambu 5, kupe wakaichukua na kuipeleka kwa wengine, na ndani ya tumbo la kupe vimelea vya aina mbalimbali hupandana na kuzaa michanganyiko mipya. Zambia kwa sababu hiyo ilichagua kuchanja kwa vimelea vyake yenyewe vya Katete na Chitongo, na Zimbabwe ikatumia aina ya Boleni. Maamuzi hayo yalikuwa na busara yake. Ila matokeo yake ni kwamba ukanda mmoja wenye kupe mmoja una chanjo tatu au nne zisizokutana, na hakuna mahali ambapo rekodi za uchanjaji, za vifo na za vimelea vinavyopatikana kwa ng'ombe waliochanjwa huwekwa pamoja na kusomwa na watu wote. Mwaka 2015, vimelea vya mchanganyiko wa Muguga viliposomwa vinasaba vyake kwa ukamilifu, ilionekana kwamba aina ya Muguga na ile ya Serengeti karibu ni kitu kimoja. Tumechanja mamilioni ya dozi tukidhani tumeweka vitu vitatu kumbe ni viwili. Hilo halikuharibu chanjo, lakini lilitufundisha kwamba tunaweza kukitumia kitu miaka 40 bila kukijua. Maarifa hayo yalipatikana kwa sababu maabara za mabara mawili zilikubali kugawana walichonacho.

Ushirikiano wa kimataifa unaofanya kazi ninaujua, na nisingependa nionekane ninaubeza. Ramani ya vinasaba vya Theileria parva, yenye jeni zipatazo 4,000, ilichapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Marekani. Mwaka 2022 watafiti wa Uskoti na wa Nairobi walionyesha eneo katika vinasaba vya baadhi ya ng'ombe wa Boran linalowasaidia kupona ndigana kali, jambo ambalo wafugaji wa kale walilifahamu kwa macho yao na ambalo sasa linaweza kutumika katika uteuzi wa madume. Mwaka 2014 ulianzishwa muungano wa taasisi za Afrika, Ulaya na Marekani wa kutafuta chanjo isiyohitaji kupe wala naitrojeni, kwa fedha zilizotoka kwa kiasi kikubwa katika wakfu wa Bill na Melinda Gates. Kimelea hiki ni ndugu wa kimelea cha malaria, na namna kinavyogeuza chembe nyeupe kuwa kama saratani huwavutia watafiti wa saratani. Kwa hiyo watu wa mbali wana sababu zao za haki za kukichunguza. Sababu zao, hata hivyo, si lazima ziwe zetu. Mfadhili akibadilisha kipaumbele, na wafadhili hubadilisha, ndama wetu hawabadilishi tarehe ya kuzaliwa.

Kuhusu sampuli nitasema wazi, maana jambo hili linaumiza. Zaidi ya mara moja nimewapeleka watafiti katika maboma, nikawaombea wafugaji ruhusa, tukawakamata ng'ombe, damu ikachukuliwa na kupe wakakusanywa katika vichupa, na baada ya hapo hatukusikia tena lolote. Mzee mmoja aliniuliza, mwaka wa tatu, kama damu ya ng'ombe wake ilionekana kuwa na ugonjwa au la, na sikuwa na la kumjibu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka misingi ya kugawana manufaa yatokanayo na rasilimali za vinasaba, lakini kila nchi inaitekeleza kwa fomu zake, kibali kinaweza kuchukua miezi mingi, na matokeo yake mtafiti mwaminifu anachoka huku asiye mwaminifu akipita pembeni. Tunahitaji mkataba mmoja wa sampuli kwa nchi zote, wenye muda uliowekwa wa kujibu maombi, na wenye sharti moja lisilo na mjadala, kwamba matokeo yarudi kwa mfugaji katika lugha anayoielewa kabla ya kuchapishwa au mara tu baada ya kuchapishwa.

Ninachoomba kifanyike kinaanzia hapo. Mkataba huo uambatane na hifadhi ya pamoja ya vimelea, iliyo katika ardhi yetu na yenye nakala katika nchi ya pili. Kuwe na mahali pa pili pa kutengenezea chanjo, na nadhani Muguga inastahili kufikiriwa kwanza, kwa ujuzi uliopo pale na kwa heshima ya historia, ingawa nitafurahi vilevile nchi nyingine ikijitolea. Utaratibu ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuweka wa kutambuliana usajili wa dawa na chanjo za mifugo uunganishwe na wa nchi za kusini, kwa kuwa chanjo inatoka Malawi na Malawi haimo katika Jumuiya yetu. Na kuwe na kamati ya utafiti ambamo wachanjaji na wafugaji wana viti vya kupiga kura, si viti vya kusikiliza.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba fedha hakuna. Mwaka 2006 mjini Khartoum nchi za Afrika zilikubaliana kuelekeza asilimia 1 ya pato la taifa katika utafiti na maendeleo, na miaka mitatu kabla ya hapo, mjini Maputo, ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Sitaki kuzihesabu ahadi hizo hapa. Ninaomba sehemu ndogo tu ya ushuru unaokusanywa minadani kwa kila ng'ombe anayeuzwa itengwe kwa ajili ya mfuko huu, katika kila nchi, kwa kiwango mtakachokubaliana. Mfugaji ataona fedha yake inarudi kumlinda ng'ombe wake, na mfadhili atakayetaka kuongeza atakuta pameanzwa.

Na ikiwa bado kuna anayedhani kwamba nchi yake inaweza kujifungia na kupambana na ugonjwa huu peke yake, basi atazame Komoro. Visiwa hivyo viliagiza ng'ombe kutoka Tanzania kwa ajili ya nyama, na katika miaka ya 2003 na 2004 ndigana kali ikaua ng'ombe wa kisiwa cha Ngazija, kilichozungukwa na bahari pande zote. Miaka 100 kabla yake, ng'ombe waliotoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia Beira waliupeleka ugonjwa huo kusini, na Afrika Kusini ilihitaji nusu karne ya majosho, uzio na kuchinja ili kuuondoa. Sisi wenye nyati, wenye kuhama na mifugo na wenye mipaka inayovukwa kila asubuhi na ng'ombe wanaokwenda kunywa maji hatuwezi kutumia njia hiyo, na wala hatupaswi kuitamani.

Ninawaomba, Waheshimiwa, suala hili liwekwe katika ajenda ya kikao chenu kijacho cha kisekta, na kwamba kabla ya kikao hicho wakurugenzi wa huduma za mifugo wa nchi zote waagizwe kuleta takwimu tatu tu: ndama wangapi walichanjwa mwaka uliopita, dozi ngapi zilimwagwa, na fedha kiasi gani kutoka bajeti ya serikali ziliingia katika utafiti wa ugonjwa huu. Mimi na wenzangu wa kata tuko tayari kuwapatia takwimu mbili za kwanza tukiombwa leo.

Wenu katika ujenzi wa sekta ya mifugo,

Mtaalamu wa mifugo wa kata, kaskazini mwa Tanzania